Mpiga dramu wa studio anawezaje kuwa prodyuza wa kantri? Naulizia safari ya James Stroud

Vijiti vya Nakuru (muulizaji)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mpiga dramu wa kuitwa: studio ikinihitaji napigiwa simu, nabeba vijiti vyangu pamoja na simbali mbili ambazo simwazimi mtu, napiga nyimbo tatu au nne, nalipwa na kuondoka. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja sasa, na sehemu kubwa ya nyimbo ninazopigia ni za kantri, kwa kuwa huku kwetu Bonde la Ufa wapenzi wa Jim Reeves na Kenny Rogers hawajapungua tangu enzi za wazazi wetu.

Mwezi uliopita, katika studio ambayo sitaitaja, nilithubutu kumwambia mtayarishaji kwamba dramu zinajaa mapema mno katika ubeti wa pili na kumfunika mwimbaji. Nilijibiwa kwamba kazi ya mpiga dramu ni kuhesabu, na kwamba mambo ya wimbo niwaachie wenye vinanda. Neno hilo limenikwama kooni hadi leo.

Sasa swali langu. Nina tabia ya kusoma majadala ya albamu hadi herufi ndogo za mwisho, na jina la James Stroud nimelikuta kama prodyuza, yaani mtayarishaji, wa waimbaji wa kantri Clint Black, John Anderson, Tim McGraw na Toby Keith. Hivi karibuni nimelikuta tena mahali ambapo sikulitarajia: kwenye orodha ya wapigaji wa "Mr. Big Stuff" ya Jean Knight, yeye akiwa kwenye dramu. Je, ni mtu yule yule? Na kama ndiye, alivukaje? Maprodyuza wakubwa wa Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, ninaowafahamu walitoka kwenye ala zenye nota: Chet Atkins alikuwa mpiga gitaa, Owen Bradley mpiga piano, Jerry Kennedy naye gitaa. Mpiga dramu alipenyea wapi?

Mzee wa Santuri

Ndugu Vijiti, ni yeye yule. Kilichokuchanganya ni kwamba umeanza kumsoma kutoka Nashville, ilhali safari yake ya muziki ilianzia kwingine kabisa, kwenye soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya kusini mwa Marekani.

Stroud ni mzaliwa wa Shreveport, jimbo la Louisiana, na jina lake kama mpiga dramu wa studio lilijengeka Jackson, Mississippi, katika studio ya Malaco. Studio hiyo ilifunguliwa mwaka 1967, na jina lake ni kipande cha Malouf na kipande cha Couch, majina ya waanzilishi wake wawili, Mitchell Malouf na Tommy Couch. Haikuwa na utajiri wala sifa za Memphis. Ilikuwa na kikundi kidogo cha wapigaji wa nyumbani, yaani watu wale wale waliompigia kila mwimbaji aliyeingia mlangoni, na Stroud alikuwa mmoja wao.

Mwezi Mei 1970, mpangaji muziki Wardell Quezergue aliwachukua waimbaji wake kutoka New Orleans na kuwapeleka Jackson kwa basi la shule. Katika safari hiyo moja zilirekodiwa "Groove Me" ya King Floyd na "Mr. Big Stuff" ya Jean Knight. Zisikilize tena ukiwa na sikio la kazi. Dramu ni kavu, hazina mbwembwe, na kila pigo lina nafasi pembeni yake ambamo besi inaingia na kutoka. Hakuna anayemfunika mwimbaji.

Kampuni za Stax na Atlantic zilizikataa kanda hizo. Malaco wakaamua kumtoa King Floyd kwa lebo yao wenyewe, na watangazaji wa redio wakageuza santuri na kupiga upande wa pili, ambao ndio uliokuwa na "Groove Me". Wimbo ulifika nambari 1 kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi, yaani R&B. Hapo Stax wakakumbuka kwamba na wao wanayo kanda ya Jean Knight kabatini; walipoitoa mwaka 1971, nayo ikashika nambari 1 ya R&B na nambari 2 ya chati ya pop. Kijana aliyekuwa nyuma ya dramu aliona kwa macho yake kwamba mwenye ofisi kubwa anaweza kuwa na dhahabu mkononi asiitambue. Nadhani somo hilo lilimfaa baadaye kuliko ufundi wowote wa vijiti.

Ila jibu hasa la swali lako limo katika "Misty Blue" ya Dorothy Moore. Ilirekodiwa Malaco mwaka 1973 na kukaa rafuni kwa takriban miaka miwili, kisha ikatolewa mwishoni mwa 1975, wakati studio imeishiwa kabisa. Mwaka 1976 ilifika nambari 3 ya chati ya pop Marekani na ikavuma hadi Uingereza. Tazama jina la mtayarishaji: ni Tommy Couch pamoja na James Stroud. Na wimbo wenyewe unatoka wapi? Ni wimbo wa kantri! Uliandikwa na Bob Montgomery, ukaimbwa na Wilma Burgess mwaka 1966, na Eddy Arnold akaurudia mwaka uliofuata. Kwa hiyo kabla ya kuhamia Nashville, mtu huyu alikuwa tayari ameshashiriki kuuchukua wimbo wa kantri, kuuvua gitaa la stili, kuuvika nyuzi za soul na kuurudisha kwa umma. Alipofika huko hakuwa mgeni wa nyimbo zao.

Fundi wa Besi

Mzee ameeleza vizuri, shikamoo yake, lakini ameruka jambo ambalo sisi tunaolipwa kwa siku hatuwezi kuliruka, nalo ni pesa.

Kwa utaratibu wa chama cha wanamuziki cha Marekani, mpigaji wa studio hulipwa kwa kipindi, na kipindi cha kawaida ni saa tatu. Nashville wamezoea kuanza saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, hivyo mpigaji anayetafutwa sana anaweza kumaliza vipindi vitatu kwa siku moja na kurudi nyumbani na ujira wa kuridhisha. Lakini wimbo ukiuzwa nakala milioni, haandikiwi mgao wa mauzo ya wimbo huo. Isitoshe, redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi wa wimbo tu. Aliyeimba na aliyepiga hawapati chochote kutoka redioni. Prodyuza, kwa upande wake, huandikiwa mgao wa mauzo, ambao wao huuita pointi, kwa kawaida tatu hadi tano. Mtu aliyepiga dramu kwenye "Mr. Big Stuff" na kuisikia redioni kila siku pasipo hundi yoyote kuja hahitaji kufundishwa na mtu kwa nini ahamie upande wa pili wa kioo cha studio, anakokaa prodyuza.

Na hakuishia kwenye mitambo. Miaka ya 1990 aliongoza tawi la Nashville la kampuni ya santuri ya Giant Records, ambako alimtoa Clay Walker, mwaka 1997 akakabidhiwa DreamWorks Nashville, na humo ndimo Toby Keith alimotolea albamu "How Do You Like Me Now?!", baada ya kampuni yake ya awali kutoikubali kazi hiyo. Kwa hiyo tusimgeuze kuwa hadithi ya kipaji peke yake. Alikuwa anaamua nani arekodiwe, kisha anakaa mwenyewe kwenye kiti cha prodyuza. Mwenye mamlaka hayo, hata angekuwa mpiga filimbi, angesikilizwa.

Vijiti vya Nakuru

Nawashukuru nyote wawili. Hoja ya pesa nimeielewa, na inauma kwa kuwa ndiyo hali yangu hasa. Hata hivyo, ofisi ya Giant ilikuja baada ya albamu ya Clint Black kumpa jina, si kabla yake. Kwa hiyo nauliza kwa namna nyingine: kuna kitu gani ndani ya kazi zake kinachoonyesha kwamba aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa mpiga dramu?

Fundi Mitambo, Arusha

Kaka Vijiti, niruhusu nijibu hili kama mtu wa kurekodi.

Kwanza kumbuka kwamba Nashville kwa muda mrefu ilizionea haya dramu. Jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri cha mji huo, halikuzitaka kabisa. Bob Wills alipokwenda mwaka 1944 na bendi yake yenye mpiga dramu, jambo hilo lilizua mvutano ambao unasimuliwa hadi leo. Mpiga dramu mkuu wa kizazi kilichofuata, Buddy Harman, ambaye mkono wake umo kwenye "Crazy" ya Patsy Cline na "Oh, Pretty Woman" ya Roy Orbison, alishiriki maelfu ya vipindi vya kurekodi, lakini kwenye majadala ya wakati huo jina lake ni nadra kulikuta. Hivyo mtayarishaji aliyekukata kauli mwezi uliopita hakubuni dharau mpya. Stroud alitoka mahali pa desturi tofauti: kwenye soul ya Mississippi, dramu na besi ndiyo nyumba, na vinanda ni wageni wanaokaribishwa.

Pili, sikiliza "Killin' Time" ya Clint Black ya mwaka 1989, aliyoitayarisha pamoja na Mark Wright. Ungetarajia mtu aliyeishi kwa kupigia waimbaji wa watu aite wenzake wa studio wajaze nafasi. Badala yake, uti wa mgongo wa albamu ile ni bendi ya Black mwenyewe ya jukwaani kutoka Texas, akiwemo mpiga gitaa Hayden Nicholas ambaye ndiye aliyeandika naye wimbo uliobeba jina la albamu. Hiki ni kisa ninachokipenda sana, maana kuwaacha watu waliozoeana wapige ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba kuna mapigo ambayo hayaandikiki. Bendi iliyochezesha watu dansi usiku kwa usiku inafahamu kasi ambayo miguu inaitaka. Ukiiongeza kidogo tu wimbo unapoteza huzuni, ukiipunguza unalala. Nyimbo nne za albamu hiyo zilifika nambari 1 kwenye chati ya kantri.

Tatu, na hapa ndipo ninapotofautiana na Fundi wa Besi, tazama majina yanayokaa kando ya jina lake. Kwa Black alikuwa na Mark Wright. "Seminole Wind" ya mwaka 1992, albamu iliyomfufua John Anderson wakati wengi walishamhesabu kuwa amekwisha, aliitayarisha na Anderson mwenyewe. Tim McGraw alimtayarisha pamoja na Byron Gallimore, na Toby Keith alishiriki katika kuitayarisha kazi yake. Mara nyingi ni wawili. Mmoja anashika nota na maneno, mwingine anashika mwendo, nafasi na pumzi ya mwimbaji. Sidhani kwamba mpiga dramu alipenya kwa kujifanya mpiga kinanda.

Ushahidi wa subira nao upo. Albamu ya kwanza ya McGraw, ya mwaka 1993, ilipita bila kugusa chati. Wakati mwingine kampuni hubadilisha timu nzima baada ya aibu kama hiyo. Stroud na Gallimore walirudi na mwimbaji yule yule mwaka 1994 kwa "Not a Moment Too Soon", ikapanda hadi nambari 1 ya chati kuu ya albamu Marekani na kuuza mamilioni.

Kuhusu nota zinazokutisha: wapigaji wa Nashville hawasomi karatasi za nota kama za okestra. Wana mfumo wa namba, ulioanzishwa na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires na kuenezwa na Charlie McCoy, ambamo kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kwanza ya ufunguo ni 1, ya nne ni 4 na ya tano ni 5, ili mwimbaji akitaka wimbo ushushwe, karatasi isibadilike. Mpiga dramu anaujua wiki chache tu akiwa na bidii. Mimi nimeufundisha kwa wanakwaya ambao walijifunzia solfa tu, na wakaelewa.

Fundi wa Besi

Hoja ya wawili wawili naikubali, sikuwa nimeitazama hivyo. Naongeza tu kwamba ukimpata mwenzako, andikeni mgao kabla ya mashine kuwashwa, maana wimbo ukishapendwa kila mtu anakumbuka mazungumzo kwa namna yake.

Vijiti vya Nakuru

Kuna binti mpiga kinanda katika kwaya yetu ambaye husikia makosa ya sauti kabla mimi sijayasikia, naye hunitegemea mimi kwa mwendo. Tuna wimbo mmoja wa mwimbaji wa hapa Nakuru ambao studio iliuharakisha. Jumamosi tutamwomba mwenye wimbo auimbe peke yake na gitaa, bila kliki (mlio wa kuhesabia kasi), na mimi nitakaa kimya na saa mkononi nihesabu ni kasi gani anayoitaka yeye. Fundi Mitambo, naomba ule mfumo wa namba uniandikie kwa mfano wa wimbo mmoja wa kodi tatu.

Fundi Mitambo, Arusha

Nitauweka hapa kesho jioni. Jumamosi mrekodi kwa simu hata kama sauti ni mbovu, na umwombe aimbe mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza atakuwa anakuogopa.