Mjadala: Dereva afundishwe kubana mafuta, au abanwe na sheria?

Mwanzisha mada
Wakuu, natoa msimamo wangu mapema ili mnirushie mawe vizuri: semina za kuwafundisha madereva kubana mafuta ni kupoteza muda. Dawa ni kushusha kikomo cha mwendo na kukisimamia. Ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka asilimia 20, lakini upepo unaokuzuia umeongezeka asilimia 44, maana unapanda kwa mraba wa mwendo. Hapo semina ya nini? Marekani, baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, waliweka maili 55 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 89. Uholanzi mwaka 2020 walishusha mwendo wa mchana kwenye barabara kuu hadi 100 kwa sababu ya uchafuzi wa naitrojeni. Lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, na hewa hiyo haiulizi kama dereva alikuwa na haraka ya msingi.

Mguu Mwepesi
Mkuu, umeitaja Marekani ukaruka mwisho wake. Kikomo kile kilifutwa 1995, na miaka mingi kabla ya hapo madereva walishakizoea kukivunja. Halafu hesabu yako ni ya barabara kuu. Mjini nani anafika 100? Mjini mafuta yanaishia kwenye breki. Mtazame aliye mbele yako siku moja: taa nyekundu anaiona toka mbali, bado anakanyaga, anafika anabana breki mpaka pua ya gari inainama, kijani ikiwaka anaondoka kama anafukuzwa. Mafuta yote yaliyompa ule mwendo yamegeuka joto kwenye diski na vumbi la breki, ambalo nalo tunalivuta. Wa pembeni yake aliachia mapema, akafika taa imeshabadilika, wala hakusimama. Sheria gani itamfundisha mtu kuachia mguu?

Fundi
Naingilia kidogo, maana naona kuna mtu atakuja kusema "tia frii kwenye mteremko", yaani toa gia gari lijiendee lenyewe. Hiyo ilikuwa enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Gari la nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, ukiachia mafuta likiwa kwenye gia, kompyuta inayafunga kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia frii, injini inaanza tena kudai mafuta ili isizime, na breki ya injini umeshaipoteza. Na upepo wa matairi pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Namba iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, siyo ile ya ubavuni mwa tairi.

Dereva wa Kuajiriwa
Mnabishana dereva na sheria, mwenye gari mmemwacha anakunywa chai. Mimi napangiwa safari sita kwa siku. Nikichelewa dakika 10 simu inaita. Nikibakiza lita 5 hakuna anayepiga. Kuna wiki niliamua kwenda taratibu, kama Mguu Mwepesi anavyosema. Mafuta yalipungua kweli, nikapewa onyo la kuchelewa. Nipelekeni semina, nisimamishieni na kibao cha 80, ratiba ileile itanirudisha kukanyaga.

Mwanzisha mada
Aisee, mwenye ratiba sikumfikiria. Lakini kikomo kikisimamiwa kwa wote, bosi wako na mshindani wake watalazimika kupanga muda upya. Leo anayekwenda taratibu anaumia peke yake.

Mguu Mwepesi
Watapanga upya au watakukata mapumziko ya mchana?

Dereva wa Kuajiriwa
Ndiyo swali langu. Na ile saa nzima ninayosubiri getini kupakua, injini inaunguruma ili jokofu la nyuma lisizime, gari halijasogea hata hatua moja. Kikomo cha mwendo kinaigusaje hiyo, mkuu?