Wakuu, utani wa "mkimbizi" kazini umeninyima usingizi, naombeni ushauri

Kijana_wa_Tumbaku: Wakuu habarini. Nina miaka 29, nafanya kazi Moro, kampuni siitaji. Pale nimepachikwa jina "mkimbizi", ilianza kama utani siku mmoja kaniuliza hivi wewe kwenu hasa ni wapi, sasa hivi mpaka mpishi wa kantini ananiuliza mkimbizi leo ugali au wali. Nacheka nao afu naenda chooni nafungulia bomba nakaa mpaka mikono iache kutetemeka. Usiku saa tisa nashtuka moyo unadunda kama nafukuzwa. Presha nimepima, moyo nimepima, wanasema niko sawa. Nifanyeje nilale?

Ng'wana_Shinyanga: Kaza mkuu. Mimi wameniita mshamba toka la kwanza na leo nina nyumba mbili, ya kwanza nilianza na mabati 20 tu...

Nesi_Mpole: Nyumba zako zinahusiana nini? Mleta mada, hiyo inaonekana ni wasiwasi uliokaa muda mrefu, mwili unautoa usiku. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili. Kwenda pale si ukichaa, wanakaa na wewe mnaongea.

Muha_Halisi: Mimi Muha wa Kasulu kabisa na bado nilishushwa kwenye basi usiku, kisa lafudhi. Kiha na Kirundi vinaelewana, sasa lafudhi nitaiacha wapi? Abiria wote wananichungulia dirishani. Mpaka leo basi likipunguza mwendo tumbo linakata. We ni wa wapi?

Kijana_wa_Tumbaku: Tuseme Kigoma.

Muha_Halisi: Tuseme?

Bi_Mwanaisha: Mwanangu jibu swali. Pengine hicho unachokikwepa ndo kinakuamsha saa tisa.

Kijana_wa_Tumbaku: Haya. Kwetu Katumba, Mpanda, yale makazi ya wakimbizi wa Burundi. Babu alivuka kutoka Burundi 1972, mama ana miaka minne, mgongoni. Uraia tulipewa 2014. Cheti baba alikifunga nailoni mbili akakizika kwenye debe la mahindi, mvua ikinyesha usiku anaamka kukipapasa kama hakijalowa, mpaka anakufa. Jumamosi napeleka mahari. Mchumba anajua, wazee wake wanajua mimi Muha. Kuna mzee atasimama kama baba mdogo na mkewe kama mama, nauli nishawapa hivyo msianze kunihukumu. Wakisikia Mrundi wanafunga mlango, na mama akifungua mdomo tu wameshajua.

Mlokole_Wa_Kweli: Ndoa iliyojengwa juu ya uongo haina baraka. Tubu.

Kijiweni_Boy: CHAI!! Babu wa 1972 na we una 29? Afu wazazi wa kukodi? Mods hamisheni hii jukwaa la hadithi, mie nasubiri episodi ya pili 😂

Nesi_Mpole: Mama wa 1968 kuzaa akiwa na ishirini na kitu kuna ajabu gani? Piga hesabu kabla hujacheka.

Kijiweni_Boy: Bado chai, tunataka picha ya cheti.

Mzawa_Ulyankulu: Usitume picha ya cheti humu hata kidogo. Kijiweni, mimi nimezaliwa Ulyankulu, Tabora, makazi kama hayo ya Katumba, kwetu haikuwa debe, ilikuwa begi la shule lililoning'inizwa juu ya kitanda. 2014 waliopewa uraia ni zaidi ya laki moja na sitini elfu, unadhani wamekaa wapi? Yupo unayekula naye mchana kila siku na unamtania. Sasa dogo, wewe ni Mtanzania na karatasi unayo, hao wa kantini nitakusaidia kuwaandikia bosi barua. Ila la Jumamosi sikuungi mkono. Mimi nilimficha baba yangu siku ya mahafali, nilisema yuko safarini, kumbe amekaa stendi na shati alilopiga pasi mwenyewe. Dawa za usingizi nimekunywa baada ya hapo, si kabla.

Kijana_wa_Tumbaku: Kaka namlinda mama. Sitaki wamcheke mbele yangu.

Bi_Mwanaisha: Na yeye umemwambia nini?

Kijana_wa_Tumbaku: Bado sijamwambia. Jana kanipigia anauliza sare ya upande wetu rangi gani, kitenge keshapeleka kwa fundi.