MREJESHO: Pombe ya mtama kugoma kuchachuka msimu wa baridi, Dodoma

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kwa nini pombe yangu ya mtama, kimea kizuri na hamira mpya, inakaa kimya kwenye ndoo bila povu. Asanteni sana mlionijibu, nimerudi na majibu.

Aliyesema tatizo ni baridi alipatia kabisa. Usiku wa Julai hapa joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na ndoo ilikaa juu ya sakafu ya saruji. Hamira haikufa, ilizubaa tu.

Nilifuata ushauri wa mama wa Kondoa: ndoo juu ya ubao, ikaviringishwa blanketi na gunia, kwenye chumba cha ndani. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 20 hadi 22. Kesho yake asubuhi povu lilikuwa limejaa na harufu tamu imeenea. Imetoka laini, wazee wameisifu.

Ndoo ya pili niliiweka kando ya jiko la mkaa kama mlivyoshauri wengine. Ilipanda kupita nyuzi 30. Kweli ilichachuka haraka mno, lakini imekuwa kali inayochoma koo, na uchachu umezidi, maana vijidudu vya uchachu navyo hupenda joto hilo. Hiyo sikuigawa.

Kuongeza hamira zaidi sikujaribu, haikuhitajika. Kwa wa Singida na Manyoni wenye baridi kama yetu: blanketi kwanza, jiko liacheni. Oktoba joto likirudi nitatafuta namna ya kuipoza, nadhani beseni la maji na kitambaa kibichi vitatosha.