Wakuu, hita ya gesi ya kuogea inazimika yenyewe, msaada tafadhali

Mtu wa Baridi: Wakuu habari za jioni. Njombe mwezi huu wa saba ukinawa maji ya bomba unayasikia hadi kwenye mfupa. Nimenunua hita ya gesi, ile inayowaka ukifungua maji, nikaifunga mwenyewe kwa kufuata video. Inawaka dakika tano sita, inazima. Mtungi mpya wa kilo 15, betri nimebadilisha. Tatizo nini?

Fundi Koki: Tangi liko juu kiasi gani? Mita 10 za kimo ndiyo ba 1 ya presha. Likiwa chini sana hita inasusa.

Mama Pacha: Mie hita sitaki hata kuisikia. Shemeji alifunga ya umeme, LUKU ikawa inakimbia kama imeibiwa. Siku hizi kuni na ndoo.

Mzee wa Busara: Vijana fundi hamtaki kumlipa, ila bando la kuangalia video mnalo.

Fundi Koki: Mkuu hujanijibu. Na hita umeifunga wapi? Bomba la moshi linatokea wapi?

Mtu wa Baridi: Tangi liko mita 6. Hita iko bafuni juu ya mlango. Bomba halikuwemo kwenye boksi.

Fundi Koki: Dirisha?

Mtu wa Baridi: Lipo, nimeliziba na plaiwudi, upepo ulizidi. Na kabla hamjaanza: harufu ya gesi hakuna, viungio vyote nimepaka povu la sabuni, hakuna kilichovuja. Mama anakaa kwangu, ana miaka 70, sitamwogesha maji baridi. Juzi alitoka bafuni anashika ukuta, kichwa kinamgonga, tukajua presha.

Fundi Koki: Presha gani! Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi, ikivuja uijue. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa. Moto wake ni wa bluu au una njano?

Mtu wa Baridi: Njano kidogo. Ila vigae nimeshatoboa, kuihamisha ni kuanza upya.

Mama Pacha: Vigae boksi shilingi ngapi huko?

Fundi Koki: Funga mtungi sasa hivi, toa plaiwudi. Mama apelekwe hospitali, na mtaje hita, wasiishie kupima presha. Hita hiyo ikae ukuta wa nje, maji ndiyo yaingie ndani. Mtungi nao nje, gesi yake ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni.

Jicho Kali: Mnamjibu nani? Mwezi wa tatu huyu alifungua uzi anatafuta chumba Mbagala cha elfu hamsini. Leo ana nyumba, vigae, na mama kahamia kwake. Chai hii, tena haina hata sukari.

Mzee wa Busara: Nilihisi.

Mtu wa Baridi: Nyumba ni ya mama. Kazi iliisha, nikarudi mwezi wa tano. Sikuona sababu ya kueleza yote.

Jicho Kali: Weka picha ya hita.

Mtu wa Baridi: Umeme umekatika, simu ina asilimia nne.

Fundi Koki: Achana na picha. Mtungi umefunga?

Mtu wa Baridi: Ngoja, mama ndo ameingia kuoga.