Ligi za wanawake za majimbo huku Australia: mabinti zetu watalishwa makombo mpaka lini?

Wakuu habari za mchana. Nimetoka uwanjani sasa hivi, viatu vina matope hata sijavivua, na najua nikisubiri hasira zipoe sitaandika tena, kwa hiyo pokeeni hivi hivi.

Binti yangu anacheza mpira wa Kiaustralia, wenyewe wanauita futi. Kwa ndugu zangu mlioko nyumbani ambao hamjawahi kuuona, mpira wenyewe umechongoka kama yai, uwanja nao wa mviringo mrefu, kila upande nguzo nne, ukipiga kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu ni alama 6, ukipita pembeni ni 1, na mwenye mpira unaruhusiwa kumkamata ukamwangusha chini. Sio mchezo wa mtu mwoga. Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, yeye akiwa wa darasa la kwanza, mpira huu kaukuta shuleni huku akaupenda, mama yake akalalamika mwaka mzima kwamba mtoto atavunjwa mbavu, leo mama yake ndio anapiga kelele kuliko wote pale kwenye uzio. Sasa hivi yuko ligi ya wanawake ya jimbo, yaani ngazi moja tu chini ya AFLW, ligi kuu ya taifa. Klabu siitaji, hata jimbo silitaji, Waswahili wa huku tunajuana na mtoto bado ana mechi mbele, sitaki asugulishwe benchi kwa sababu ya mdomo wangu.

Sasa sikilizeni. Alhamisi saa mbili usiku meseji inaingia kwenye grupu, mechi ya Jumamosi imehamishwa. Uwanja tuliopangiwa tangu ratiba inatoka wamepewa wanaume, sisi twende kwingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na mechi ianze saa tatu kasoro robo asubuhi. Mwezi wa sita huku ni baridi ya kung'ata, umande umeganda juu ya nyasi mweupe kama chumvi, na kuna binti mmoja ni nesi katoka shifti ya usiku moja kwa moja hajalala. Mechi ya hao wanaume ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi nzima uwanja wetu ulikuwa mtupu! Nimemuuliza kiongozi mmoja kwa nini wasingecheza pale saa tatu wakawaachia wenzao saa nane, kanijibu wanataka nyasi zipumzike. Nyasi zipumzike, nesi asipumzike. Na hii ni mara ya tatu msimu huu.

Tukafika. Chumba cha kubadilishia nguo walichopewa ni cha wanaume, kile chenye masinki ya kukojolea ukutani, mtu kayafunika na mifuko myeusi ya taka akabandika na plasta za kufungia vifundo. Bafu moja ndio lina mlango. Mama yake aliingia kupeleka maji akakuta mabinti wanashikiana mataulo ili mwenzao avae. Plasta zenyewe tulinunua wazazi famasi njiani, kila mmoja kachangia, maana za klabu ziliisha raundi ya tano na hakuna aliyeleta nyingine, na wanafungana wenyewe kwa wenyewe, mmoja kakaa juu ya begi la mipira mguu kaweka kwenye paja la mwenzake. Na bado wakatoka pale wanaimba. Mimi ndio roho iliniuma, wao walikuwa wanaimba.

Wiki nne nyuma ndio nilikaribia kugombana na watu kabisa. Binti mmoja wa nyuma aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, nimesikia goti likilia kama kijiti kikavu na mimi nipo nje ya uzio. Machela hakuna. Geti la kuingizia gari lina kufuli, mwenye ufunguo hayupo, kapigiwa simu hapokei. Wenzake wawili wakambeba mikono mabegani kuzunguka nusu ya uwanja mpaka kwenye gari langu. Ambulansi aliikataa mwenyewe huku analia, maana majimbo mengi ya huku ambulansi sio bure usipokuwa umejiunga na kulipia kila mwaka. Majibu yakatoka, ligamenti ya mbele ya goti imekatika, ile wanayoiita ACL, ni karibu mwaka mzima nje. Na kila mtu kwenye mchezo huu anajua wanawake wanaumia hilo goti mara kadhaa zaidi ya wanaume, hiyo sio siri ya daktari, imeandikwa kila mahali. Bima ya mchezaji inarudisha sehemu tu, na kwa sheria ya huku bima ya michezo haigusi kabisa malipo yaliyo chini ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali, pengo linalobaki unaziba mwenyewe. Huyo binti anafanya kazi ya kusimama dukani. Amesimama na nini sasa?

Mshahara msiniulize. Hata AFLW yenyewe ilipoanza 2017 wengi wao walilipwa dola 8,500 kwa msimu, wale nyota 27,000, na hiyo ni ligi ya taifa. Huku chini wa kwangu hajawahi kushika hata senti, ada tunalipa sisi, mafuta sisi, viatu sisi.

Kuna watu watakuja kuandika hapa kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji. Mechi ya kwanza kabisa ya AFLW, Februari 2017, Carlton na Collingwood, waliingia watu 24,568 mpaka mageti yakafungwa wengine wakabaki nje. Fainali ya 2019 Adelaide Oval watu 53,034. Najua kiingilio kilikuwa bure, lakini kitu cha bure kisichopendwa watu elfu hamsini hawakitokei. Na hao waliojaza viwanja walitoka wapi kama sio kwenye hizi ligi za majimbo? Jimbo la Victoria wanawake walikuwa na ligi yao tangu 1981, miaka 35 wanajiendesha wenyewe kabla haijaja VFLW, ligi ya jimbo ya sasa, 2016. Adelaide ligi yao ya jimbo, SANFLW, ikaanza 2017 na timu nne, Perth ya kwao, WAFLW, 2019. Akec Makur Chuot, mtoto wa Sudan Kusini aliyepitia kambi ya Kakuma pale Kenya, aliingia AFLW na Fremantle 2017, halafu akapita VFLW na Hawthorn kabla ya kurudi juu na Richmond. Ngazi hii ya chini ndio ilimshika asipotee. Binti yangu ana picha yake ukutani.

Lakini ngazi hiyo hiyo ndio inakanyagwa. 2022 AFLW ilichezwa misimu miwili ndani ya mwaka mmoja, ikafika klabu 18 na kuhamia kuanzia Agosti, na tangu hapo kalenda ya huku chini inakatwa kufuata matakwa ya juu, wachezaji wanapandishwa, wanashushwa, wiki hii unaye nahodha wiki ijayo yuko mazoezini na timu kubwa, kocha anapanga kikosi kama anapanga foleni ya maji. Kuchukua wanachukua, kurudisha kitu hawarudishi. Na 2021 sijaisahau. Korona ilifunga Victoria, fainali ya VFLW haikuchezwa, mwaka ule hakuna bingwa, na mwaka mmoja kabla msimu mzima ulifutwa. Nakubali na wanaume wa VFL, ligi ya jimbo hilo hilo, nao walikatwa, sitasema uongo. Lakini wanaume wa AFL, ligi kuu ya taifa, walipandishwa ndege wakaenda kucheza fainali yao Perth. Ndege ilipatikana kwa waliotakiwa.

Mimi siombi mabilioni. Naomba ratiba ikitoka iheshimiwe, chumba chenye milango, machela moja na mtu mwenye ufunguo wa geti awepo mpaka mechi iishe. Nimeandika barua pepe mbili kwa klabu, ya kwanza wamejibu "asante kwa maoni yako", ya pili kimya. Jumatatu naandika ya tatu na nataka niambatanishe picha, sio za kwetu tu.

Kwa hiyo wazazi mlioko Adelaide, Perth, Brisbane, Melbourne, popote mtoto wako anapocheza ligi ya jimbo, nitumieni inboksi picha ya chumba walichopewa na saa ya mechi, nyuso za watoto zifichwe. Binti yangu saa hizi kalala na barafu kwenye bega, kesho ana mtihani wa chuo.