Aidoru, msanii kijana wa pop ya Kijapani, anavamiwa mlangoni kwake, halafu yeye ndiye anaomba radhi! Mnatetea nini hasa?

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie. Kwenye magrupu yetu ya mashabiki wa muziki wa Kijapani kuna watu wameshupaza shingo kwamba kuwakataza aidoru kuwa na wapenzi ni "nidhamu ya kazi". Nidhamu gani hiyo inayomdai mtoto wa watu kila siku na haimgusi bosi wake?

Mchukueni Yamaguchi Maho wa NGT48, kundi la mji wa Niigata. Desemba 2018 anarudi kwake, wanaume wawili wanamvamia mlangoni na kumshika uso. Wakakamatwa, wakaachiwa bila kufunguliwa mashtaka. Kampuni kimya. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, kimya. Januari binti kachoka, kaingia mtandaoni akayasema mwenyewe huku analia. Haukupita muda akasimama jukwaani, kwenye maadhimisho ya miaka mitatu ya ukumbi wao, akainama mbele ya mashabiki na kuomba radhi kwa usumbufu. Yeye! Machi uongozi ukaitisha mkutano na waandishi kueleza matokeo ya uchunguzi, naye akawa anawajibu palepale kupitia Twitter, anakanusha wanayoyasema. Hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Ila mwisho wake mnaujua: Mei akaondoka kundini.

Na Minegishi Minami wa AKB48, kundi kubwa la wasichana la Tokyo, je? Januari 2013 gazeti la udaku limeandika kwamba alilala kwa mwanamume. Ana miaka 20, mtu mzima. Siku hiyohiyo video ikawekwa kwenye chaneli rasmi ya AKB48, kanyoa kichwa, analia, anaomba asifukuzwe. Akashushwa hadi daraja la wanafunzi. Mtaniambia alijinyoa kwa hiari yake. Sawa, lakini video aliipandisha nani? Na yule kijana naye ni msanii, mbona hatukuona kichwa chake kikinyolewa?

Wanaosema ni maadili wanichekesha. Hii ni hela. Akimoto Yasushi alianzisha AKB48 mwaka 2005 kwenye ukumbi mdogo pale Akihabara, akiuza wazo la aidoru unayeweza kukutana naye. Ndani ya CD ulikuwa unawekewa tiketi ya kumshika mkono kwa sekunde chache. Kuanzia 2009 hadi 2018 wakawa na uchaguzi wa kila mwaka, karatasi za kura zinatoka humohumo kwenye CD, na kura ndizo zinaamua nani asimame mbele. Basi mtu ananunua maboksi ya wimbo uleule mmoja, anachomoa kura, CD anatupa. Nyimbo zenyewe tamu, sibishi. Ila ukishamuuzia mwanamume matumaini kwa maboksi, lazima umfiche kwamba binti ana mtu wake. Wapo wanaodhani wamenunua hisa za binadamu.

Sasa linganisheni na wakubwa. Johnny Kitagawa, mwenye kampuni ya makundi ya wavulana, alitajwa na gazeti kwamba anawanyanyasa watoto kingono. Akashtaki gazeti, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Tokyo ikaona tuhuma hizo zina ukweli. Televisheni za Japani zikaendelea na vipindi vyake kana kwamba hakuna kitu. Mzee kafa 2019 akiwa anasifiwa. Kampuni imekuja kukiri na kuomba radhi Septemba 2023, baada ya BBC kuonyesha filamu ya uchunguzi kumhusu. Miaka ishirini! Minegishi hakupewa hata siku mbili.

Halafu kuna ile hoja ya "ni utamaduni wao, tusiwaingilie". Utamaduni upi? Ni kweli Septemba 2015 mahakama moja Tokyo ilimwamuru aidoru wa zamani wa miaka 17 alipe yeni 650,000 kwa kuvunja katazo la mapenzi. Lakini Januari 2016, kwenye kesi nyingine hapohapo Tokyo, jaji akaikatalia kampuni fidia, akasema kumpenda mtu ni sehemu ya haki ya binadamu kutafuta furaha yake.

Kwa hiyo wewe uliyeko Kimara, unayeamka saa kumi alfajiri kutukana wasichana mtandaoni kwa sababu ya sheria ambayo jaji wa Tokyo mwenyewe ameikataa, tuambie hapa: unalipwa na nani?