Waingereza wametunza hadi mpira wa 1966, sisi jezi ya Taifa Stars ya Lagos 1980 hatujui iko kwa nani!

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa usajili.

Nimeingia makumbusho ya taifa ya soka pale Manchester, nimetoka nimevimba. Jengo halijanibabaisha, vioo tu kama benki. Kilichoniuma ni mpira mmoja wa ngozi, rangi ya chungwa iliyochujuka, umewekwa ndani ya kabati. Ndio uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia 1966. Mjerumani Helmut Haller aliondoka nao siku ile Wembley, ukakaa Ujerumani miaka 30, na Waingereza hawakuusahau. Mwaka 1996 ukarudi. Mpira huo jamani, wala si dhahabu!

Haya, sisi. Mwaka 1979 Stars inatoka 1-1 na Zambia kulekule Ndola, Peter Tino anasawazisha, tunafuzu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Lagos 1980. Kurudi tena AFCON, ikatuchukua miaka 39. Mwaka huohuo Simba kapigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa Dar, watu wameshaweka matanga, akaenda Lusaka akashinda 5-0. Niambieni, mtoto wa darasa la nne nimpeleke wapi akaone hata kiatu kimoja cha watu wale?

Niliporudi nikaenda ofisi moja ya mambo ya mpira (jina silitaji), nikaomba tu kuona picha za kikosi cha Lagos. Jamaa akaniangalia kama nimekuja kudai deni. "Bro, cheki Facebook, kuna wazee huwa wanapost." Na nyaraka je? Akanyoosha kidole chini ya ngazi: maboksi yamefunikwa bango la mdhamini wa zamani, juu yake ndoo ya kudekia. Faili la juu mchwa wamelila, limebaki nusu ya jina.

Halafu ndio sisi tunakesha humu tukitambiana nani alianza, Yanga 1935 au Simba 1936! Kanuni za kwanza za FA, chama cha soka cha Waingereza, za 1863, ziliandikwa kwa mkono na kitabu chenyewe kipo hadi leo. Sisi ushahidi wetu ni nani ana sauti kubwa.

Na asije mtu na hoja ya "wazungu wanajitunzia wao". Arthur Wharton, kipa mweusi mzaliwa wa Accra, alicheza soka ya kulipwa huko karne ya 19, akafa fukara, kaburi lisilo na jiwe mpaka 1997. Aibu yao hiyo. Lakini walirekebisha, na 2003 wakamwingiza kwenye orodha ya magwiji ya makumbusho hayohayo. Wazee wetu wa Lagos tunawakumbuka siku ya tangazo la msiba.

Hela hakuna? Wabrazili makumbusho yao ya soka waliyaweka chini ya majukwaa ya uwanja wa Pacaembu, São Paulo, 2008. Uwanja wetu wa Mkapa una vyumba vingapi pale chini? AFCON 2027 inakuja kwetu pamoja na Kenya na Uganda. Mgeni akiuliza historia yetu tumpeleke Kariakoo akanunue jezi feki?

Mwenye jezi, medali au picha ya mzee wake, piga picha mbele na nyuma, andika majina ya waliomo, tupia hapa. Ila vitu vyenyewe kaa navyo nyumbani, usithubutu kuvipeleka kule kwenye ndoo.